Neno la Mzazi na Ugonjwa wa Mtoto

Hotuba ya katekista mbele ya waalimu na wazazi, Kamunyonge, Musoma



Tulipoombwa kusema neno katika siku hizi, wengi walidhani kwamba tutasimulia habari za misioni: jinsi nyumba ya kwanza ilivyoezekwa, na nani aliyebatizwa wa kwanza. Habari hizo wako wazee wazijuao kuliko sisi, nao wamekwisha kuzieleza mahali pengine katika kitabu hiki. Sisi tumechagua jambo lituletealo taabu mlangoni petu karibu kila juma. Maana mlango wa katekista hupigwa hodi na watu wa kila namna, wala hawaji kuuliza habari za ubatizo na ndoa tu. Waja usiku na kusema: Mwalimu, mtoto ni mgonjwa, babaye hayupo, je, ni nani atakayesema ndiyo?

Tuanze na kisa tulichokiona kwa macho yetu. Miaka kadhaa iliyopita, katika kigango kimoja kando ya ziwa, palikuwa na kijana wa miaka 13 aliyekaa na bibi yake mzaa baba. Baba yake alikuwa mvuvi wa dagaa, naye alikuwa amehamia visiwani kufuata samaki, kama ilivyo desturi ya wavuvi wetu. Mama yake alikuwa amerudi kwao kwa sababu ya maneno ya mahari ambayo hatuna haja ya kuyaeleza. Siku moja kijana alishikwa na tumbo upande wa kuume, akatapika usiku kucha. Asubuhi bibi akamfunga kanga kiunoni, akampakia juu ya pikipiki, akamfikisha hospitali moja ambayo hatutaitaja jina. Tabibu kijana akampima, akasema, “Huyu ana kidole tumbo, sharti apasuliwe leo hii.” Akatoa karatasi ya ridhaa, akamwonyesha bibi mahali pa kutia dole gumba.

Bibi akarudisha mkono wake nyuma. Akasema, “Mtoto huyu si wangu peke yangu. Ni mtoto wa ukoo. Nikitia dole, naye akafa katika kisu, nitawaambia nini wanangu?” Wakampigia baba simu, simu haikupatikana, maana katikati ya maji hakuna mawasiliano. Wakampigia baba mdogo aliyeko Bunda, naye akajibu, “Ngojeni nifike mimi mwenyewe.” Alifika kesho yake jioni. Wakati huo kile kidole tumbo kilikuwa kimekwisha kupasuka ndani. Kijana hakufa, ashukuriwe Mungu, lakini alilazwa muda mrefu, jeraha likatoa usaha, akapoteza mwaka mzima wa masomo. Mpaka leo hutembea ameinama kidogo.

Sisi tuliitwa siku ya pili, tumwombee. Tulikuta watu sita wamekaa chini ya mti nje ya wodi, kila mmoja akimwangalia mwenziwe. Tukajiuliza ni nani aliyekosa. Bibi alimpenda mjukuu wake kuliko roho yake. Baba mdogo alidhani kwamba anautunza wajibu wake. Tabibu naye aliogopa kushtakiwa. Kila mmoja alikuwa na sababu yake, na katika sababu zao wote yule kijana aliendelea kulia.

Ndugu zetu, huenda mtu akasema kwamba kisa hiki ni cha ujinga wa watu wa kijijini. Sivyo. Desturi aliyoishika yule bibi ina maana yake. Zamani katika nchi yetu hii ya Mara, kwa Wajita na Wakwaya, kwa Wazanaki na Wakurya, kwa Waluo vilevile, mtoto alikuwa mali ya jamaa nzima, nao wazee wa boma ndio waliokaa pamoja kuamua kama mgonjwa apelekwe kwa mganga huyu au yule. Hata Wamennonite walipofika Shirati mwaka 1934, na baadaye kazi yao ya kuuguza ilipokua ikawa hospitali ijulikanayo na wote, wazee wasimulia kwamba mgonjwa hakwenda huko peke yake. Alikwenda na ukoo wake nyuma yake. Jambo hili lilikuwa na faida: mtoto hakukosa mtu wa kumlilia. Lakini ukoo wa zamani ulikaa katika boma moja, na shauri lilikwisha kabla ya ng'ombe kurudi malishoni. Ukoo wa leo, mmoja yuko visiwani, mwingine yuko Nyamongo katika machimbo ya dhahabu, mwingine Mwanza, mwingine Dar es Salaam. Shauri la boma limebaki, lakini boma lenyewe limetawanyika.

Sasa tutazame sheria yasemaje, maana wengi huitaja na wachache wameisoma. Mwaka 2009 Bunge la Tanzania lilitunga Sheria ya Mtoto. Katika sheria hiyo mtoto ni kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Mzazi na mlezi wamepewa wajibu wa kumpa chakula, mavazi, malazi, elimu, chanjo na matibabu. Tena imeandikwa wazi kwamba mtu asimnyime mtoto matibabu kwa sababu ya dini yake au imani yake nyingine yo yote. Maneno haya yatupasa sisi watu wa dini kuyasikia kabla ya wengine, kwa maana wako wahubiri, nasi twawajua, wamwambiao mama aache dawa za mtoto kwa kuwa amekwisha kuombewa. Mama yule akimrudisha mtoto nyumbani bila dawa, hana haki ya kusema kwamba alikuwa akitumia uhuru wa dini.

Mtaona ya kuwa sheria haikusema mtoto ni mali ya mzazi. Imesema mzazi ana kazi juu ya mtoto. Ile karatasi ya hospitali, ambayo wengi huiogopa kama karatasi ya mahakama, shabaha yake ni hiyo hiyo. Tabibu akiomba ridhaa, aomba mtu ampendaye mtoto aelezwe ugonjwa, aelezwe dawa na hatari zake, aulize maswali, kisha akubali. Anayetia dole hachukui lawama ya kifo. Lawama ya kisu ni ya mwenye kisu. Laiti yule bibi angaliambiwa neno hili moja kwa lugha yake ya nyumbani, twaamini angalitia dole kabla ya saa sita mchana. Wala aliyetwaa malezi ya mtoto, akamlisha na kumlaza, si mtu baki. Yeye ndiye mlezi, hata kama si baba. Tena hatari ya kifo inapokuwa mlangoni, na mzazi hapatikani, maadili ya udaktari humwelekeza tabibu kutazama kwanza uhai wa mtoto. Tabibu aogopaye, na amwite mganga mkuu wake au ofisa ustawi wa jamii, asikae akitazama saa ukutani.

Twawageukia waalimu, maana nanyi mnalo fungu lenu. Mwalimu akaa na watoto mchana kutwa, na mambo mengi ya afya hupita mikononi mwake: dawa za minyoo, vidonge vya kichocho, chanjo. Sisi wa kandokando ya ziwa twakijua kichocho. Mtoto huogelea, huchota maji, huosha vyombo, na mdudu aliyetoka katika konokono humwingia katika ngozi pasipo yeye kujua. Kwa hiyo vidonge hutolewa shuleni. Mtoto husimamishwa kando ya fimbo yenye alama, nayo fimbo hutumika badala ya mizani: kadiri ya kimo chake ndivyo anavyopewa idadi ya vidonge.

Sikieni yaliyotokea Morogoro mjini mwezi wa Agosti mwaka 2008. Vidonge vya kichocho na vya minyoo vilitolewa katika shule za msingi. Dawa ile ya kichocho ni njema, lakini mtoto akiinywa na tumbo tupu, hasa kama ana wadudu wengi mwilini, huweza kushikwa na kizunguzungu, na kichefuchefu, na maumivu ya tumbo. Baadhi ya watoto wakaugua hivyo. Habari ikatoka shule moja hadi nyingine kwamba watoto wamepewa sumu, hata kwamba wengine wamekufa. Wazazi wakakimbilia mashuleni kwa hasira na kwa machozi, waalimu wakatiwa hofu, polisi wakaja, na kazi yote ikasimamishwa. Waliochunguza jambo lile baadaye waliona kwamba wazazi wengi hawakuwa wameelezwa vya kutosha ni dawa gani, ya nini, na mtoto atajisikiaje akiisha kuinywa.

Hapo twajifunza kitu ambacho hakimo katika ile karatasi ya kutia dole. Serikali ilikuwa na nia njema, na dawa ilikuwa ya kweli. Lakini neno la mzazi lilirukwa, kana kwamba watoto hawana kwao, na mzazi aliyerukwa hukasirika hata akikataa mema. Basi, mwalimu, kabla ya siku ya dawa, waite wazazi. Usitume karatasi peke yake katika mfuko wa mtoto. Karatasi huloa mvua, au hufungiwa vitumbua. Waite, waeleze, waache waulize hata maswali ya kipumbavu. Waambie mtoto asile njaa asubuhi ile. Uji wa senti kidogo ungaliweza kuzuia sehemu kubwa ya ghasia ile ya Morogoro. Hayo ni mawazo yetu sisi, lakini twayashika.

Sasa twaingia katika jambo gumu zaidi, nalo ni la ugonjwa wa ukimwi. Mwaka 2008 ilitungwa sheria ya kuzuia na kudhibiti ukimwi. Kwa sheria ile, mtoto wa chini ya miaka 18 hakuweza kupimwa pasipo ridhaa ya mzazi au mlezi wake. Mwezi wa Novemba mwaka 2019 Bunge likaibadili: kijana aliyetimiza miaka 15 aweza kukubali mwenyewe kupimwa, tena watu wakaruhusiwa kujipima wenyewe kwa kipimo cha nyumbani. Habari hiyo ilipofika hapa Musoma, wazazi wengi walinung'unika. Walisema kwamba Serikali imewanyang'anya watoto wao.

Sisi wenyewe tulinung'unika kidogo. Walakini tulikumbuka mambo matatu au manne tuliyoyaona. Tulimkumbuka msichana wa miaka 16, yatima, aliyekaa na mjomba wake, ambaye mjomba huyo huyo ndiye aliyemharibu. Je, msichana yule angekwenda kumwomba nani ridhaa? Tulimkumbuka kijana aliyezaliwa na virusi, ambaye tangu utoto alimeza dawa kila jioni akiambiwa ni dawa za kifua. Alipofika miaka 15 alisoma jina la dawa juu ya kopo, akaenda kuuliza mahali pengine, akajua. Hakumsamehe mama yake kwa miaka miwili. Hakuchukizwa na ugonjwa. Alichukizwa na uongo. Mama naye alikuwa akiogopa swali moja tu, nalo ni: Mama, umeupata wapi?

Tena liko jambo la kustaajabisha katika sheria zetu ambalo wachache wameliona. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, msichana wa miaka 15 aliweza kuozwa kwa ridhaa ya wazazi wake. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema kwamba vifungu vile vinapingana na Katiba, na mwezi wa Oktoba mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi. Sasa fikirini: kwa miaka mingi msichana wa miaka 15 aliweza kupewa mume kwa neno la baba, lakini hakuweza kwa neno lake mwenyewe kupimwa ili ajue kama mume yule amempa ugonjwa. Alionekana mkubwa wa kuzaa na mdogo wa kutoa tone la damu. Sisi hatuoni hekima katika mpango huo, nasi twafurahi kwamba umevunjwa.

Nchi nyingine zina mipaka yao. Kwa jirani zetu wa Uganda kijana wa miaka 12 aweza kukubali mwenyewe kipimo cha ukimwi. Katika Afrika ya Kusini, Sheria ya Watoto ya mwaka 2005 yampa mtoto wa miaka 12, kama ana akili ya kutosha kulifahamu jambo, haki ya kukubali matibabu. Katika Uingereza palikuwa na mama Mkatoliki, Victoria Gillick, mwenye watoto kumi, aliyewashtaki wenye mamlaka za afya, maana waganga waliruhusiwa kuwapa wasichana wa chini ya miaka 16 shauri na dawa za kuzuia uzazi pasipo wazazi kujua. Alishindwa mwaka 1983, akashinda katika rufani mwaka 1984, kisha mwaka 1985 akashindwa mbele ya waamuzi wa Nyumba ya Malodi, watatu kwa wawili. Waamuzi wale walisema kwamba haki ya mzazi hupungua kadiri akili ya mtoto inavyokomaa. Katika habari ya dawa zile Kanisa lina mafundisho yake, nanyi mnayajua, wala hatutayarudia hapa. Twakitaja kisa hiki kwa sababu ya yule mama. Wengi walimcheka. Sisi hatumcheki. Aliuliza swali ambalo kila mzazi analo moyoni: Mtoto wangu akiwa na siri na mganga, mimi ni nani?

Jibu letu ni hili, nalo si la mwanasheria. Sheria ya mwaka 2019 imefungua mlango wa kupimia. Haikusema ni nani atakayetembea na kijana kurudi nyumbani baada ya kupimwa. Mtoto wa miaka 15 aliyepewa habari mbaya saa kumi jioni ana usiku mrefu mbele yake. Mshauri wa hospitali atamwambia maneno mazuri kwa nusu saa. Baadaye mshauri hufunga ofisi. Kwa hiyo, ninyi wazazi, msiishindanie ile haki ya kutia sahihi. Ishindanieni nafasi ya kuwa mtu wa kwanza ambaye mtoto atamtafuta akitoka mle ndani. Nafasi hiyo haiandikwi katika sheria yo yote, wala haipatikani kwa kiboko.

Wako wazazi wengine ambao ndiyo yao ni mbaya kuliko hapana. Twasema habari za ukeketaji, na katika mkoa huu wetu wa Mara hatuwezi kuupita kimya, maana aibu hii ni yetu. Sheria ya mwaka 1998 juu ya makosa ya kujamiiana imekataza kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18, na mwenye kumtunza msichana akisababisha akeketwe, adhabu yake ni kifungo cha miaka 5 hata 15, au faini, au vyote viwili. Hapa ridhaa ya baba haina nguvu yo yote. Baba hawezi kukubali kitu ambacho hakumilikishwa. Hata hivyo kila likizo ya Desemba ikikaribia, waalimu wa Tarime na Serengeti huwaona wasichana wakikonda kwa hofu, na wengine hukimbilia nyumba salama, kama ile ya Mugumu na ile ya Masanga.

Tumelitaja kwa sababu ya jambo moja lisilosemwa sana. Msichana akiisha kukatwa, damu ikakataa kukoma, mzazi huogopa kumpeleka hospitali, maana atakamatwa. Basi mtoto hufichwa ndani, hupewa majani, na mlango hufungwa. Yule baba aliyesema ndiyo kwa ngariba sasa asema hapana kwa tabibu. Mwalimu, au katekista, au jirani akisikia habari hiyo, asingoje ruhusa ya mwenye nyumba. Aende kwa mwenyekiti wa kijiji, aende polisi, aende kwa ofisa ustawi wa jamii, amwite mwenye gari. Tumepata kufanya hivyo mara moja, na baba wa mtoto hakutusalimu kwa miaka mitatu. Sasa hutusalimu. Binti yake ana duka la vitenge.

Tungaliweza kuishia hapa, na mngetuona watu wema wenye kuwafundisha wengine. Lakini iko habari yetu wenyewe, nasi tuliahidi nyumbani kwamba tutaisema.

Mwezi wa Aprili mwaka 2018 Serikali ilianza kutoa katika nchi nzima chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi kwa wasichana wa miaka 14. Ugonjwa huu hutokana na kirusi, na ndio saratani iwapatayo wanawake wa Tanzania kuliko zote. Chanjo ilitolewa mara mbili, ya pili baada ya miezi sita. Binti yetu wa kwanza alikuwa na miaka 14 mwaka ule. Alirudi nyumbani na habari kutoka shuleni, akaileta mezani wakati wa chakula.

Wakati huo maneno yalikuwa mengi mitaani. Watu walisema kwamba sindano ile ni ya kuwafanya wasichana wawe tasa. Wengine walisema kwamba ni ya kuwafundisha uasherati, kwa kuwa kirusi hicho huambukizwa kwa njia ya kujamiiana. Sisi tulisoma shule ya misioni, twajua kusoma, nasi tungaliweza kwenda zahanati kuuliza. Hatukwenda. Tuliona haya: katekista kuonekana akiuliza habari za sindano ya namna hiyo kwa ajili ya binti yake! Tulisema hapana. Mama yake alinyamaza. Binti naye alinyamaza, maana ndivyo tulivyomlea.

Mwaka 2021 dada yetu mkubwa, ambaye binti yule humwita shangazi, alianza kutoka damu isiyo ya kawaida. Alikaa nayo miezi mingi pasipo kusema, kwa haya ile ile iliyotushika sisi. Alipopelekwa Bugando, Mwanza, saratani ilikuwa imekwisha kuenea. Binti yetu ndiye aliyekuwa akimsafisha, kwa kuwa shangazi hakutaka mikono ya mtu mwingine. Siku moja, akisuuza mashuka uani, aliuliza pasipo kutugeukia, “Baba, huu ndio ule ugonjwa wa sindano?” Tukasema, “Ndio.” Hakusema neno jingine. Aliendelea kusuuza.

Dada yetu alizikwa. Sasa binti yetu ni mtu mzima, na umri wa chanjo ile ya shule umekwisha kumpita. Tumemwambia kwamba wanawake wazima huweza kupimwa hospitali, na dalili zikionekana mapema huweza kutibiwa kabla hazijawa saratani, naye amekwisha kwenda, akaambiwa ni mzima, arudi tena kwa wakati wake. Alikwenda na mama yake. Sisi tuliwasindikiza mpaka kituo cha daladala, tukarudi.

Mwaka 2024 Serikali ikabadili mpango: sindano moja tu yatosha, nayo ilitolewa mwaka ule kwa wasichana wa miaka 9 hata 14. Binti yetu mdogo alikuwa na miaka 11. Safari hii hatukungoja barua ya shule. Tulikwenda wenyewe zahanati, tukakaa katika benchi pamoja na akina mama wenye watoto wachanga, tukiwa mwanamume peke yetu, tukauliza yote tuliyoyaonea haya mwaka 2018. Nesi alitujibu kwa upole, wala hakucheka. Jioni tulimweleza mtoto: ugonjwa ni huu, shangazi yako alikufa nao, sindano hii huuzuia, wasichana wengi wameipata. Tukamwuliza yeye mwenyewe aonaje. Kwa sheria, neno lilikuwa letu. Lakini mkono ulikuwa wake.

Akafikiri kidogo, akauliza kama inauma. Tukasema hatujui, maana sisi hatujapata kuchomwa hiyo, amwulize nesi. Kesho yake akavaa sare, tukaenda naye mpaka mlango wa darasa walimokuwa wakichomea. Mwalimu wake akasema wazazi wangoje nje. Tukangoja chini ya mwembe pamoja na baba wengine wawili, hata akatoka akilishika bega lake, akasema, “Inauma kidogo tu.”